Bulongo ya Kuchekecha

Weye, ulishaka kuona bamama banachekecha bulongo sawa vile banachekechaka bunga ya bukari, ile ugali? Nasema bulongo, ile udongo tunakanyangaka na miguu, ile kuku inakwangulaka mu lupango, pale inje ya nyumba. Unaichekecha, unatupa bimawe, unaichekecha tena, unaangalia na vidole kama imekuwa laini, kisha unaiweka mu sashe ya plastiki na unafunga na kamba, sawa kintu ya kupeleka ku bukwe. Haujaona. Miye niliona, na chekeche ilikuwa yangu. Vuta kiti. Sipendi kuelezea mutu mwenye kusimama, naonaka sawa anataka kwenda.

Ilikuwa wakati wa Zaire. Ile wakati kila mutu alikuwa situwayen, ni kusema mwananchi: muzee, mutoto ya masomo, hata mwizi. Nilisikia na masikio yangu jirani mumoja anafukuza mutu mu njia, anamulilia nyuma, "Situwayen, rudisha sufuria yangu." Babwana yetu balikuwa banatumika ku kampuni ya mukuba, ile shaba nyekundu. Kampuni ilikuwa sawa baba na mama. Ilikupa nyumba, ilikupa bunga, ulizala ku lopitali yake. Na juu ya ile yote ilikupa moshi, na moshi haukuiomba, ilikuya yenyewe.

Ile moshi ilikuwa inatoka ku shemine, ile dohani murefu ya kiwanda. Kila asubuyi bamama tulikuwa tunatoka inje, macho juu, kuangalia leo inaelekea wapi. Kama inaenda upande ingine, tunafua manguo. Kama inakuya kwetu, tunakunja kamba. Lakini kambi yetu ilikuwa pale moshi inapenda. Ilikuwa inakuya sawa shemeji mwenye kujua saa ya kula. Mashuka ilitobokatoboka ku kamba. Batoto balikuwa banakohoa sawa bazee ya tumbaku. Na bulongo, mama yangu, ilikuwa nyekundu, ngumu, hata majani ya bure ilikataa. Kintu moja tu ilikuwa inaota: kauwa kamoja kadogo, rangi ya zambarau, kanasimama pekee yake. Nilikapenda sana. Nilikuwa nakapa mayi kila siku, juu njo kintu moja mu lupango yangu yenye ilikuwa inanitii.

Sasa mama ya bwana yangu anakuya. Alitoka Kilwa, hapana ile ya bahari, ile yetu ya ku ziwa, juu ya kamyo, ile lori, na kikapo ya samaki ya kukausha yenye ilituambia anafika mbele hata hatujamuona. Alikula, alilala, asubuyi akatoka inje kuangalia lupango. Aliangalia murefu. Kisha akaniita, miye bibi ya mwana yake.

"Mukamwana, hapa unalima nini?"

"Lenga-lenga, mama. Mboga."

"Iko wapi?"

Nikamuonyesha mistari yangu. "Ile pale, mama."

"Ile njo lenga-lenga? Miye nilizani ni ndevu ya mutu mwenye kugonjwa."

Kwao, mwanamuke banamupima na mukono. Akipanda na inaota, eko na mukono muzuri, nyumba yake itashiba. Akipanda na inakufa, mukono iko mubaya, na hakuna mama mwenye kuacha mukono mubaya mu nyumba ya mwana yake. Alimuambia bwana yangu ku meza, miye niko pale nashika sahani: "Angalia bamama ya mutaa ya Katuba, banauzisha mboga paka banachoka. Hapa, hata ya kuonja hakuna. Mvua ikiisha na hii lupango iko vile, nitakuletea mutoto mumoja mwanamuke ya Kilwa. Namujua. Ule, hata akitema mbegu ya nyanya, inaota."

Bwana yangu, mwanaume mwenye kusimama kila siku mbele ya moto ya kuyeyusha mawe, aliangalia bukari yake sawa kulikuwa kumeandikwa kintu ndani. Akasema, "Mama, samaki iko tamu."

Nililia mu jikoni, nakuambia kweli. Nilikuwa ningali kijana, na nilikuwa namupenda ule mwanaume pamoja na uoga yake yote. Sikutaka mutu mwingine akuye kumupikia, hata kama anatema nyanya.

Njo pale kampuni inatuma muagronomu, fundi ya bulongo na mimea. Kijana ya masomo, eko na miwani na sanduku ya tuchupa. Alikuya na mukubwa ya parti, ile chama ya serikali, ya kambi yetu, mwenye koti ya abakosti ya kubana shingo. Bakatukusanya bamama bote pa kiwanja ya mupira. Kijana akaeleza muzuri, na sauti ya pole: moshi inaangusha uchachu na vumbi ya mukuba ku bulongo, mizizi inaungua, mimea inakufa. Lakini bulongo inaweza kutibiwa na chokaa. Kesho kila mama alete bulongo kidogo ya lupango yake, atapima hapa mbele ya bote, na kwenye iko mugonjwa, kampuni italeta chokaa.

Yeye alisema vile. Siye tulisikia nini? Tulisikia: kesho, mbele ya bantu bote, situwayen wa miwani ataona kwako kuko namuna gani.

Uelewe kintu moja. Kwetu, mugeni akikuya, haumuonyeshi sufuria ya kuungua. Hata akisema anakuya juu ya sufuria ya kuungua, utamutoshea ile ya kungaa. Jirani yangu, mama munene, mwenye kucheka na mabega, magaribi nikasikia kwake shaka-shaka-shaka. Nikachungulia. Anachekecha bulongo, na chekeche ni ile yangu, aliazimaka tangu Noeli.

"Mama, unafanya nini?"

"Natosha tu bimawe. Ule kijana ataumia vidole."

Miye nikaenda mbali kumupita. Nyuma ya kiwanja kulikuwa kichuguu, ile mulima ya muchwa, mukubwa sawa nyumba. Bulongo ya kichuguu kila mutu anaijua: muchwa inaitosha chini sana, fasi moshi haifikaka, inaiponda laini. Bamama ya mimba banaikulaka. Nikakamata beseni, nikazunguka na njia ya nyuma nisionekane. Nafika, nakuta jirani.

"Weye unatafuta nini huku?" akaniuliza.

"Kuku yangu ilipotea."

"Na beseni?"

"Ya kuifunika nikiipata. Na weye?"

"Natembea tu. Daktari alisema nitembee."

"Na jembe?"

Pale pale mama mwingine akatokea ngambo ya kichuguu, magoti yote nyekundu, akasema yeye naye eko anatafuta ile kuku. Hatukucheka. Kila mumoja akachimba upande yake na akageuza mugongo, sawa bantu banaoga ku mutoni.

Asubuyi tukafika pa kiwanja na sashe zetu. Kijana akaanza. Anatia bulongo mu kachupa, anatia mayi, anatikisa, anachovya kakaratasi. Kakigeuka nyekundu, bulongo iko na uchachu. Kakigeuka kijani, iko na afya. Kwangu: kijani. Kwa jirani: kijani. Kwa ule wa magoti: kijani. Kijana akafuta miwani yake, akaangalia shemine kule inapumua, akaangalia tena kakaratasi, akafuta tena. Mwisho akasema, "Bamama, nilipima fasi mingi. Sijaona bulongo ya muzuri sawa ya hapa."

Mukubwa ya parti akakamata neno mbio, akasema ni juu kambi iko na uongozi muzuri. Tukapiga mikono, tukaimba, tukacheza na kiuno. Habari ya chokaa ikaishia pale. Nani atapatia dawa mutu muzima?

Narudi ku nyumba na furaha yangu ya bure, na mama mukwe ananingojea ku mulango. Alikuwa naye pa kiwanja, alisikia yote.

"Mukamwana, bulongo iko muzuri."

"Ndiyo, mama."

"Moshi haina kosa."

"Haina, mama."

"Basi kumebaki mukono."

Pale njo niliona shimo yenye nilichimba na jembe yangu mwenyewe. Nikisema kweli, naaibisha bamama bote ya kambi. Nikinyamaza, mutoto ya Kilwa anakuya. Nikanyamaza. Na mama mukwe hakungojea tena mvua iishe: alituma neno na shofere wa kamyo ya samaki, ule mutoto ajitayarishe.

Kisha, juu ya kunifundisha, akapanda mwenyewe. Alikuwa ameleta mbegu ya kunde na ya maboga. Alipanda pembeni ya mistari yangu, anaimba, na ku kila shimo ananiangalia. "Ona mukono, mukamwana. Weye unaingizaka mbegu sawa unaficha kintu ya kuiba." Nikasema ndiyo, mama.

Ikaota. Akaita bamama ya njia yote bakuye kuona, anabatembeza mu mistari sawa mukubwa ya serikali mwenye kufungua daraja. Lakini majani ikaanza kugeuka manjano. Kisha ikaungua ku pembeni. Akasema ni kuku. Tukafunga kuku. Akasema ni jicho ya jirani. Jirani akasema jicho yake iko na kazi mingi. Akasema ni mayi ya robine, ile bomba, haina nguvu sawa mayi ya ziwa. Maboga ikalala chini na haikuamuka.

Siku moja niko nafagia, namuona amepiga magoti mu lupango. Nilizani anaomba Mungu. Kumbe anakamata bulongo na kidole, anaweka ku ulimi. Ule mama alizala batoto mingi, na mu kila mimba alikula bulongo. Anaijua sawa miye najua chumvi. Sura yake ikajikunja yote, hata masikio. Akatema, akapangusa ulimi na kitenge.

"Mukamwana, kuya huku."

Nikaenda.

"Hii iko sawa kulamba musumari ndani ya ndimu. Ile ulipelekea kijana wa miwani, uliitosha wapi?"

Nikaanza kufagia tena.

"Mukamwana."

"Ku kichuguu, mama."

"Na bale bengine?"

"Ku kichuguu, mama. Bote. Tulichekecha."

Nilingojea kofi. Mama mukwe akaikaa chini katikati ya kunde yake ya kufa, akaanza kucheka. Alicheka paka kitambaa ya kichwa ikaanguka. Akasema kwao Kilwa mutu mumoja ya serikali alikuyaka kuangalia nyavu za bavuvi, ili mwenye nyavu ya kupasuka apewe ya mupya. Bavuvi bakaona haya, bakaazima nyavu muzuri za bantu ya ngambo ya ziwa, bakazitandika pa muchanga. "Akatusifu, akaenda zake," akasema. "Na siye tukarudia kuvua na matundu."

Kisha akasimama, akavaa kitenge yake ya kwenda ku ndoa, akachimba pale pale maboga ilikufa, pamoja na majani ya kuoza, akajaza beseni, akaiweka ku kichwa, akatoka. Miye nyuma yake.

"Mama, bamama bengine batasikia haya."

"Basikie nikipita."

Na hakupita na njia ya nyuma. Alipita na ile ya katikati, polepole, sawa bibi harusi. Jirani akatoka ku mulango, akaangalia beseni, akaelewa, akarudi ndani, na tukasikia jembe. Tulifika ku biro, ile ofisi ya muagronomu, tuko musururu murefu wa mabeseni, hata planto, ule mulinzi ya mulango, akazani tumekuya kugoma.

Kijana akachovya kakaratasi. Hata hajatikisa kachupa, kameshakuwa nyekundu.

"Mama, hii inatoka wapi?"

"Ku lupango ya mukamwana yangu."

"Lakini ya mukamwana yako nilishapima. Ilikuwa muzuri sana."

"Ile ya kwanza," mama mukwe akasema, "ilikuwa imevaa manguo ya kwenda misa."

Kijana akatosha miwani, akaiweka pa meza, akafunika sura na mikono, na nikaona mabega yake inacheka sawa ya jirani. Kisha akakuya mwenyewe ku lupango. Akaona kauwa kangu, akasimama.

"Nani anakapa mayi?"

"Miye," nikasema na kiburi.

"Mama, haka kauwa kanapendaka mukuba. Pale kanasimama, ujue chini kuko sumu mingi. Ningeanza kutembea mu malupango yenu, singefungua hata kachupa kamoja."

Ujue, miye nilikuwa napatia mayi mutu mwenye kunishitaki.

Chokaa ikafika, gunia kwa kila nyumba. Lakini ilifika siku ya Tano, ile Ijumaa, na kesho yake, Posho, ile Jumamosi, ilikuwa salongo, ile kazi ya lazima ya bantu bote. Na kulikuwa habari kwamba mukubwa fulani atapita mu barabara. Mukubwa ya parti akakuya na pusupusu, ile mukokoteni, kukusanya magunia, juu chokaa ni kintu ya kupaka mawe ya njia na miti, kila mutu anajua. Akafika kwetu. Mama mukwe alikuwa ameikaa juu ya gunia, anamenya karanga.

"Mama, simama kidogo, tukamate chokaa."

"Iko ya bulongo."

"Situwayene, mawe ya njia lazima ingae."

"Basi unipake na miye, unipange mu musitari pamoja na mawe. Ule mukubwa akipita, nitamusalimia."

Aliikaa pale paka magaribi. Mukubwa ya parti alizunguka, akarudi, akakuta angali pale, na karanga haijaisha. Akaenda kwa bengine. Kuko nyumba ile mwaka haikukula hata jani moja, lakini mawe yao ilikuwa inangaa sawa meno.

Siye tukatumika. Tulikwangua bulongo ya juu, tukaitupa mu shimo yenye kijana alionyesha. Yenye ilibaki tukaichanganya na chokaa na mavi ya mbuzi, na juu tukamwanga bulongo ya kichuguu. Safari hii tuliibeba mu jua kali, bamama bote, tunaimba, hakuna mwenye kutafuta kuku. Kijana akatukataza kupanda muhogo pale pa kauwa, na akasema mboga tuioshe na mayi mingi, juu vumbi ya moshi inabakiaka ku majani. Akaturudilia mara na mara na tukaratasi twake. Kwangu haikukuwa kijani ya kweli kweli. Ilikuwa kijani ya kuona haya. Lakini alisema inatosha kuanza.

Na lenga-lenga ikaota. Ndugu yangu, ikaota majani sawa masikio ya tembo. Mama mukwe aliichuma mwenyewe, hakusema kintu juu ya mukono ya mutu, akaipika na samaki. Tuko tunapakula, kamyo inapiga honi ku mulango. Nani anashuka? Mutoto ya Kilwa, na valizi yake ya manguo, muzuri, mwenye heshima, eko anatabasamu. Shofere nyuma anabeba kikapo.

Bwana yangu akaona, akasema ananitafutia kuni, wakati kuni ilikuwa imejaa. Miye kijiko ikabakia mu mukono. Mama mukwe akaangalia ule mutoto. Akaangalia sufuria. Akaniangalia miye, murefu, sawa vile aliangaliaka lupango siku ya kwanza.

"Mwana yangu," akamuambia, "ulifika muzuri. Ikaa, ukule mboga ya mukamwana yangu."

Mutoto akachanganyikiwa. "Mama, bananiambia nakuya kuolewa."

"Nilisema ukuye tu. Yenye kubaki, shofere aliongeza."

Shofere akatua kikapo. Akaikaa naye, akakula. Alikula sana, anaangalia mutoto kupita vile anaangalia sahani. Balirudi pamoja Kilwa mu ile kamyo, na mbele ya mavuno ingine tukasikia harusi. Mama mukwe akasema, unaona, hata pale shofere alikuwa na haki ya kuongeza.

Ule mama alienda zamani, Mungu amulinde. Sasa mujukulu yangu mumoja alioa, banaikaa karibu na ule mutoni unapita nyuma ya izine, ile kiwanda. Bibi yake, ule mwenye alioa, alipanda bitunguu, ikakufa. Alipanda tena, ikakufa. Na mama yake ule kijana, binti yangu mwenye nilizala na hii tumbo, nikamuona anaanza kuangalia mikono ya ule mutoto wa bantu, ile muangalio naijua. Nikamuita mujukulu, nikamuikalisha pale weye uko, nikamuelezea yote. Alicheka sana. Kisha akaacha kucheka, akaangalia bibi yake kule inje, ameinama, anapanda mara ya tatu. Akashika mukono yangu, akaniapia, miye kambo yake, mama ya mama yake: "Kambo, juma hii tutapeleka bulongo ku iniversite baipime, ile ya pale bitunguu ilikufa. Na mama njo atabeba beseni."